Jasho la Mtu na Gharama za Tiba

Maradhi hayabishi hodi, wala hayangoji mavuno. Mwuza mahindi wa Kibaigwa, mkulima wa zabibu wa Hombolo na fundi cherehani wa soko la Majengo, wote wanapougua hulipia tiba kwa fedha ya jasho lao, na siku hiyo hiyo kazi husimama. Lakini ni wachache waliopata kuuliza: Je, mtoza kodi naye huihesabu gharama hiyo?

Kwa mwajiriwa, huihesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yasema kwamba tiba au bima ya tiba anayolipiwa mfanyakazi na mwajiri wake haitiwi katika mapato yanayotozwa kodi, maadamu inatolewa bila ubaguzi. Nafuu hiyo ni yake, mwenzi wake, na watoto wao wasiozidi 4. Ni haki njema, na hatutaki iondolewe.

Lakini mwenye kibanda hana mwajiri. Kifungu cha 11 humruhusu kutoa gharama za biashara peke yake. Dawa ya mwanawe huhesabiwa kuwa matumizi ya nyumbani. Tena mfanya biashara mdogo hutozwa kwa kadiri ya mauzo, si faida, hata hiyo ruhusa ya kutoa gharama hana. Watu wawili wanapanga foleni moja hospitalini. Mmoja sheria yamkumbuka, mwingine yamsahau.

Hata hivyo, yako mambo mawili yasiyojulikana sana ambayo yafaa kuyashika. Kwanza, anayetunza hesabu kamili na kutozwa kwa faida, akiwalipia vibarua wake tiba, au akinunua glavu, viatu vya kazi na sanduku la huduma ya kwanza, hizo ni gharama halali za biashara. Aziandike, na stakabadhi azihifadhi.

Pili, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa viwango vya mwaka 2022, mwenye mauzo ya shilingi milioni 10 asiye na daftari alitozwa shilingi 250,000. Mwenye daftari alitozwa 180,000. Tofauti yake ni shilingi 70,000. Wakati huo ada ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa kaya ya watu 6 huku mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Basi daftari moja liliweza kuikatia kaya nzima bima ya miaka miwili, na chenji ikabaki.

Lakini bidii ya mtu mmoja mmoja haiondoi upungufu wa sheria. Jirani zetu wa Kenya humpunguzia mlipa kodi asilimia 15 ya ada ya bima yake, isiyozidi shilingi zao 60,000 kwa mwaka, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango wa mfuko wao wa afya hutolewa katika mapato kabla ya kodi.

Watakuwako watakaosema kwamba Hazina itapungukiwa, na kwamba nafuu itawafaa wenye vipato vikubwa tu. Hoja ya pili ina uzito. Ndiyo maana sisi hatuombi asilimia. Twaomba kiasi kimoja maalum kipunguzwe katika kodi ya kila mfanya biashara mdogo atakayeonyesha stakabadhi ya bima. Kwa njia hiyo mnyonge ndiye atakayefaidi zaidi.

Bunge lililopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, lilikaa hapa hapa Dodoma. Limekwisha kukubali kwamba kila mtu awe na bima. Sasa na likubali kwamba anayejilipia mwenyewe asitendewe kama mtu aliyenunua anasa.

Tulipotangaza vita juu ya ujinga, maradhi na umaskini, hatukusema vita hiyo ni ya wenye mishahara peke yao.