Usikatue Kabla ya Kusoma

Katika masoko ya vitu vilivyokwisha tumika mjini Kampala, na hasa katika vichochoro vya Owino, ambalo kwa jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, huonekana mara kwa mara, baina ya marundo ya mitumba na masufuria yenye masizi, sahani au sinia la madini meupe lililoingia weusi, ambalo muuzaji hulitaja kuwa ni fedha tupu; na mnunuzi, akiisha kulifikisha kwake, jambo la kwanza alifanyalo ni kulipaka majivu na ndimu na kulikatua mpaka ajione uso wake ndani yake. Usafi haulaumiwi. Lakini chombo kikongwe kilichokatuliwa kabla ya kusomwa ni kitabu kilichochanwa kurasa ili jalada lipendeze, na mji huu, ambao habari zake nyingi za karne iliyopita zimetawanyika au zimeteketea, hauna kurasa za kupoteza.

Ijulikane kwanza kwamba fedha iliyomo katika vyombo vingi vya namna hii ni utando mwembamba tu. Mwaka 1840 jamaa wa Elkington wa Birmingham walipata hati ya ufundi wa kuchovya chombo katika maji ya dawa na kupitisha umeme, hata fedha ikashikamana na madini ya chini, ambayo aghalabu yalikuwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli; na ndiyo kazi inayotambulikana kwa herufi E.P.N.S. Kabla yao, tangu miaka ya 1740, mafundi wa Sheffield walikuwa wakiunganisha kwa moto bamba la fedha na bamba la shaba, na kazi yao hujulikana kwa wekundu unaochungulia kingoni palipolika. Katika aina zote mbili, kila akatuaye kwa nguvu huondoa fedha yenyewe, na pamoja nayo mistari myembamba ya nakshi na maandishi.

Basi chombo na kigeuzwe, kisomwe mgongoni. Fedha halisi ya Kiingereza, yenye sehemu 925 katika 1,000, hupigwa mihuri ya ofisi za kupimia madini: simba anayetembea, alama ya mji, kama nanga ya Birmingham au kichwa cha chui cha London, herufi ya mwaka, na alama ya mfuaji. Vyombo vya kuchovya havina haki ya mihuri hiyo, lakini watengenezaji wengi waliiweka kila herufi ya E.P.N.S. ndani ya ngao yake, kwa sura inayokaribia mihuri ya kweli, na hadaa hiyo imewapata watu wengi wenye akili zao. Neno “England” likionekana, aghalabu chombo si cha kabla ya mwaka 1891, wakati Marekani ilipodai kwa sheria kila bidhaa itajwe nchi ilikotoka.

Walakini elimu ya mihuri ya Uingereza haitufikishi mbali, maana hutuambia chombo kilikozaliwa na kunyamaza juu ya maisha yake, na maisha yake ndiyo yetu. Tutwae sinia lenye herufi E.A.R.&H. ukingoni. Mwenye kujua husoma humo Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoanza mwaka 1948 kwa kuunganishwa reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na ambalo mwaka 1969 liliondolewa bandari, zikapewa shirika lake peke yake. Hivyo kwa ile H tu sinia limekwisha kujitia ndani ya miaka 21, na yamkini lilipakuliwa chakula katika behewa lililopanda kutoka Mombasa, au katika meli ya ziwa iliyotia nanga Port Bell. Likiwa na K.U.R., basi ni la zamani zaidi, na huenda lilivuka daraja la Jinja katika miaka ya mwanzo baada ya reli kuingia Kampala mwaka 1931. Mtumishi aliyelibeba mpaka mezani hakuandikwa jina popote juu yake. Lakini mjukuu wake huenda yu hai hapa mjini, na akiliona atakuwa na habari isiyomo katika kitabu chochote cha mihuri.

Fedha ya Kihindi inadai uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa haikufuata sheria ya mihuri ya Kiingereza na mara nyingi haina alama kabisa, hata muuzaji akaihesabu kuwa duni, ilhali huenda ina fedha nyingi kuliko masinia yake yote ya Birmingham. Katika Kutch, nchi iliyotuletea wafanyabiashara wengi, akiwamo Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916 baada ya kueneza maduka yake kutoka pwani hata Uganda, masonara walifua vyombo vilivyojaa majani na maua yaliyosokotana pasibakie nafasi tupu. Na Oomersi Mawji, sonara wa mtawala wa Kutch katika karne ya 19, aliyewapita wenziwe kwa sifa, aliweka herufi O.M. na jina la mji wa Bhuj.

Hapo ndipo penye jambo lililo zito zaidi kwangu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na katika siku 90 walizopewa watu maelfu kwa maelfu walifunga milango ya nyumba zao, wakashika njia ya Entebbe na mzigo mdogo waliokubaliwa kuuchukua, wakipekuliwa njiani. Masinia ya harusi, vikombe vya mashindano ya kriketi, sahani walizotunukiwa makarani walipostaafu, vikabaki makabatini. Kabla ya hapo, Mei 1966, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo lilishambuliwa na kuporwa, na Aprili 1979, Amin alipoangushwa, maduka na nyumba za mji ziliporwa tena. Sahani yenye jina la mtu na tarehe, ikionekana leo juu ya turubai la muuzaji, yaweza kuwa imepita katika mojawapo ya milango hiyo. Yaweza pia kuwa imefika juzi katika kontena la vitu chakavu kutoka Uingereza, na mtu mwenye insafu hakati shauri mpaka apate ithibati.

Na ithibati ni lile jina. Nimewasikia wauzaji wakisema kwamba jina la mtu mwingine hupunguza bei, na kwamba afadhali fundi wa mtaa wa Katwe alifute kwa msasa. Naamini wanakosea hata kwa hesabu ya biashara. Chombo cha kuchovya hakina thamani ya maana kikiyeyushwa. Msasa ukipita, utando wa fedha huondoka na madini ya chini hujitokeza. Na mnunuzi ambaye angetoa bei kubwa kuliko wote, yaani jamaa za mwenyewe, amekwisha kufungiwa mlango. Jamaa hao si wa kubuniwa. Chuo Kikuu cha Carleton, huko Ottawa, kinahifadhi hazina ya habari za Waasia waliotoka Uganda, na wengi wao na watoto wao wamo Leicester, London na Toronto. Gazeti la Uganda Argus, lililotoka tangu mwaka 1955, lilichapisha habari za vilabu na michezo ya mji huu, na tarehe iliyochorwa kwenye kikombe yatosha kumwonyesha mtafutaji toleo la kuanzia.

Mwezi Juni 2024 vitu 39 vilivyochukuliwa Uganda zamani za ukoloni vilirudi Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mkopo wa miaka 3. Mkopo huo si haki kamili, na anayedai zaidi namuunga mkono. Lakini vitu hivyo viliweza kudaiwa kwa sababu mtu fulani aliandika daftarini kila kimoja kilikotoka. Sisi, kwa vile tulivyo navyo mikononi, hatuandiki. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na ambayo sasa yako katika kilima cha Kitante, yangefanya jambo adhimu kwa gharama ndogo yakitenga siku moja ya juma, raia alete chombo chake, kipigwe picha mbele na nyuma, yaandikwe maandishi yake na mahali kilikonunuliwa, kisha arudi nacho nyumbani bila ya kuulizwa bei wala kutishwa kunyang'anywa. Kazi ya daftari yaweza kufanywa na wanafunzi wa historia wa Makerere. Na wauzaji wa Owino waalikwe kabla ya wataalamu, kwa kuwa wao ndio wajuao mzigo gani ulifunguliwa lini, na ulitoka nyumba ipi.