Kondakta Asiyedai Nauli

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilijadili kazi tunazozitamani baada ya masomo. Wenzangu walitaja udaktari, uanasheria, uhandisi na ualimu. Mimi nilisema kazi ninayoiheshimu mno ni ya kondakta. Basi darasa likaangua kicheko. "Wa matatu za Migori ama za Sori?" mmoja akauliza. Nilipofafanua kwamba nilimaanisha kondakta wa okestra, kicheko kikapungua lakini swali likabaki: hiyo nayo ni kazi gani?

Ni swali la haki, nami nachukua kalamu kulijibu. Maoni yangu ni kwamba anayewaongoza wanamuziki anafanya kazi ya kuwajenga watu. Hapa Muhuru Bay tunao watu wa kazi hiyo tayari, ila tumewazoea kama hewa: tunawatumia bila kuwalipa, na tunakumbuka kwamba walikuwepo siku wanapoondoka.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Sisi tukisikia "okestra" tunafikiria bendi za dansi kama Orchestra Super Mazembe, iliyotoka Kongo ikaja kupigia Nairobi katika miaka ya 1970. Okestra ninayoizungumzia ni kundi kubwa zaidi, pengine watu 80 au zaidi. Wapo wapigaji wa fidla ndogo na kubwa, wapo wa filimbi na zumari, wapo wa tarumbeta, na nyuma kabisa wapo wa ngoma. Mbele yao wote husimama mtu mmoja aliyewapa wasikilizaji mgongo, mkononi ana kijiti. Huyo ndiye kondakta. La ajabu ni kwamba katika kundi lote hilo ni yeye peke yake asiyetoa sauti hata moja.

Wapo wanaosema eti anapunga hewa tu. La hasha! Mkono wa kulia unashika mapigo ili wote waende pamoja. Mkono wa kushoto unawaambia hawa wapunguze sauti, wale waingie sasa, na wengine wangoje. Kabla ya hapo amekesha na kitabu chenye noti za kila chombo, maana mpigaji husoma mstari wake tu ilhali kondakta sharti aijue mistari yote. Zamani kazi hii ilikuwa hata na hatari. Huko Ufaransa, mwaka 1687, mwanamuziki Jean-Baptiste Lully alikuwa akigonga mapigo kwa fimbo kubwa, akajigonga mguuni. Jeraha likaoza, naye akafa. Siku hizi fimbo imekuwa kijiti!

Asiyeamini umuhimu wa mtu wa namna hii na ateremke ufuoni asubuhi boti zinapovutwa nchi kavu. Watu kumi wenye nguvu wakivuta kila mtu kwa wakati wake, boti haisogei. Akitokea mmoja akaanzisha wimbo, wote wakaitikia na kuvuta kwa pamoja, boti inapanda mchanga. Yule mwanzishaji huenda ndiye mwenye misuli midogo kuliko wote. Kazi yake ni kuwafanya watu kumi wawe mtu mmoja.

Sasa nitoe mfano wa mtu halisi. Nimetaja Kongo, na huko huko, katika jiji la Kinshasa, yupo Armand Diangienda. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye serikali ya Wabelgiji ilimfunga mwaka 1921, akakaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1951. Armand alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi hiyo hakukaa kibarazani kulaumu dunia. Mwaka 1994 alianzisha okestra katika kanisa lao la Kimbangu, na yeye mwenyewe akajifunza kuiongoza.

Walianza na nini? Fidla tano kwa watu kumi na wawili! Mmoja alipiga kwa dakika ishirini, kisha akampokeza mwenziwe. Uzi wa fidla ulipokatika na duka la nyuzi halipo, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Noti walizinakili kwa mkono usiku kucha. Wapigaji wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa sokoni, mafundi na wanafunzi, waliokuja mazoezini jioni wakiwa wamechoka. Hata umeme ulipopotea, mazoezi hayakwisha. Miaka ikapita, kundi likakua hadi kufikia watu wapatao 200, waimbaji wakiwemo. Mwaka 2010 Wajerumani walitoa filamu juu yao iitwayo Kinshasa Symphony, na mwaka 2013 chama kikongwe cha muziki cha Uingereza, Royal Philharmonic Society, kikampa Diangienda uanachama wa heshima.

Mimi simsifu kwa sababu ya Uingereza. Namsifu kwa sababu ya zile dakika ishirini. Hebu fikiria, msomaji: mtu kumi na wawili, kila mmoja anaitamani fidla, na hakuna aliyeinyakua akakimbia nayo. Aliyewafundisha subira ya namna hiyo amewafundisha jambo kubwa kuliko muziki. Wangapi kati yetu twaweza kugawana kitabu kimoja cha fasihi bila kugombana?

Tusiseme hayo ni ya Kongo tu. Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, karibu na jaa la taka la Dandora, Bi. Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa Ghetto Classics mwaka 2008. Watoto wa mtaa ule walianza kufundishwa fidla, saksafoni na tarumbeta uani mwa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Waliokwisha kujua wakawafundisha wadogo zao, na waliokomaa wakapata njia ya kufika katika Okestra ya Taifa ya Vijana. Okestra hiyo imeongozwa na Mkenya mwenzetu, Levi Wataka, ambaye pia ameiongoza Okestra ya Nairobi. Na kabla yao alikuwapo Boniface Mganga na kwaya yake ya Muungano. Mwaka 1990 kwaya hiyo ilitoa rekodi ya Missa Luba, misa iliyoimbwa kwanza na vijana wa Kamina, Kongo, katika miaka ya 1950. Mganga baadaye aliingia Bungeni kama mbunge wa Voi. Naona watu wa Voi hawakukosea: aliyeweza kuzipatanisha sauti nne anaweza kujaribu kuwapatanisha wapiga kura.

Najua pingamizi zilizopo. Ya kwanza ni kwamba huu ni muziki wa Wazungu. Jamani! Zanzibar kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905, na fidla imekuwa chombo cha taarab kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna Mzanzibari anayeiona ngeni. Wimbo wetu wa taifa tunaousimamia kila Jumatatu na Ijumaa asili yake ni bembelezi ya Wapokomo. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, akiwemo Washington Omondi na Graham Hyslop, ndiyo iliyoutengeneza kuwa wimbo wa bendi na kwaya. Nasi Wajaluo, orutu ni nini kama si fidla yenye uzi mmoja? Nyatiti ina nyuzi nane. Benga ya D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania, ilitokana na nyuzi hizo hizo. Kwa hivyo vyombo tunavyo, na masikio tunayo.

Pingamizi ya pili ni kwamba kazi hii hailipi. Hapa sitawadanganya. Ni Wakenya wachache mno wanaoishi kwa kijiti peke yake, na wengi hufundisha mchana kisha wakaongoza jioni. Lakini kusema hakuna kazi kabisa si kweli. Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, na zote zinataka watu wanaosoma noti. Muziki unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na pia Maseno. Mfumo mpya wa elimu umeifanya Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Je, wadogo zetu watakaoichagua njia hiyo watafundishwa na nani, ikiwa sisi leo tunawacheka wanaoipenda?

Sasa nifike nyumbani, maana ndiko kunakoniuma.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza tulikuwa na kijana mmoja aliyetufundisha kwaya. Mchana aliendesha bodaboda, saa kumi jioni alikuwa getini, na Jumamosi aliongoza kwaya ya kanisani kwao. Hakusomea muziki chuoni. Alijua solfa, alikuwa na sikio kali, na hakumtukana mtu hata siku moja. Ukiimba vibaya alinyamaza tu, akakutazama, nawe ukajua. Alitutoa chini akatufikisha mashindano ya kaunti. Malipo yake yalikuwa soda, mkate na ahadi. Msimu wa mashindano ulipokwisha, mazoezi yakafungwa kama duka. Mwaka uliofuata alipotafutwa, alikuwa amekwenda Macalder kuchimba dhahabu. Nani wa kumlaumu? Ana mke na mtoto, na mtoto hali makofi.

Kwaya ikafa. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo saa kumi ikigonga kila mtu anakwenda zake. Wengine twaenda kuteka maji na kupika. Lakini wengine sote tunajua wanakokwenda. Ufuoni hakuna anayekuuliza umri wako. Mvulana akionja pesa ya omena usiku mmoja, kesho yake darasani analala. Msichana akizoea kununuliwa chipsi na wenye samaki, mwisho wake tumeuona. Waimbaji wawili wa sauti ya kwanza hawapo nasi tena darasani. Sisemi kwamba kwaya ingewaokoa kwa hakika. Nasema kwamba zile saa mbili, kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili, zilikuwa na mwenyewe. Sasa hazina mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kazi ya kondakta katika jamii si kitu cha kuongezea juu ya muziki kama chumvi mezani. Ndiyo kazi yenyewe. Diangienda alizipa kazi jioni za watu wa Kinshasa. Korogocho mtoto anashika saksafoni saa ambazo angekuwa akizurura jaani. Kwetu jaa halipo, lakini ufuo upo.

Kwa heshima na taadhima, basi, natoa maombi matatu kwa Mwalimu Mkuu, kwa mlezi wa chama chetu na kwa wazazi.

Kwanza, kwaya ifanye mazoezi mwaka mzima, jioni mbili kwa wiki, hata kama mashindano hayapo. Okestra ya Kinshasa haikungoja mashindano.

Pili, anayefundisha alipwe. Msinijibu kwamba pesa hazipo kabla hatujapiga hesabu. Wanakwaya 40 tukichanga shilingi 20 kila wiki, zinapatikana shilingi 800, yaani shilingi 400 kwa kila jioni. Asiyeweza kuchanga asifukuzwe, shule na wazazi wajazie pengo lake. Huo si mshahara, najua. Lakini ni mafuta ya pikipiki na sukari ya nyumbani, tena ni ishara kwamba twaijua thamani ya mtu.

Tatu, tusingoje fidla za kutoka ng'ambo. Wazee wanaopiga orutu na nyatiti wapo katika kata zetu. Waalikwe Jumapili alasiri watufundishe, na watoto wa shule za msingi waruhusiwe kuingia. Orutu ni mti, ngozi na uzi mmoja. Waliofunga waya wa baiskeli kwenye fidla wangetushangaa tukisema hatuna pa kuanzia.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, acheni kuwacheka waimbaji eti ni watu waliofeli hesabu. Kushika mapigo manne kwa nne huku sauti tatu nyingine zinakuvuta kwingine ni hesabu tosha!

Kondakta wa matatu usipompa nauli atakushusha njiani mbele ya watu. Huyu wetu hadai. Anapanga sauti zetu, anatufikisha kaunti, kisha anawasha pikipiki yake na kwenda kimya kimya. Kwa kuwa hadai, tumejifanya hatudaiwi. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Aliyecheza kwetu tumemwacha aende kutunzwa na mashimo ya Macalder. Si mbali huko. Naomba atumiwe ujumbe arudi, na safari hii tusimpokee kwa soda.