Uzushi wa Miezi Sita

Katika hafla za kuwaaga vijana wenye asili ya Afrika Mashariki wanaoishi Marekani na wanaorudi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwa masomo ya juu, au wanaokwenda India kusomea udaktari wa binadamu kwa sababu ada ya huko angalau inalipika, husikika kauli moja iliyorudiwa mno hata ikachukuliwa kuwa kifungu cha sheria: kwamba mwenye kadi ya kijani, yaani hati inayothibitisha kuwa mgeni ameruhusiwa kuishi Marekani kama mkaazi wa kudumu, hawezi kuipoteza mradi aikanyage ardhi ya nchi hiyo kila baada ya miezi sita. Siku hizi kauli hiyo imepanda hadi mimbarini, ikachanganywa na dua ya safari, na waumini wakaitikia amina kwa dua na kwa kosa la kisheria kwa pamoja.

Kauli hiyo si kweli. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humruhusu mkaazi wa kudumu kurejea kwa kadi yake akiwa hajakaa nje kwa mwaka mzima, lakini sharti la msingi ni kwamba awe anatoka katika ziara ya muda. Nayo ziara ya muda, kwa jinsi mahakama zilivyoifafanua, ni safari iliyo fupi kwa kiasi, yenye mwisho unaojulikana au unaotegemea tukio linalotarajiwa kutokea karibuni, huku msafiri akiwa na nia isiyokatika ya kurudi kwake. Ofisa wa uhamiaji, kwa hiyo, hutafuta jibu la swali moja tu, nalo ni mahali msafiri anapoishi hasa. Hutazama sababu ya safari, tarehe ya kumalizika kwake, mahali ilipo kazi yake, nyumba yake na jamaa zake wa karibu, na kama amekuwa akiwasilisha taarifa za kodi akiwa mkaazi au amejiandikisha mwenyewe kuwa si mkaazi, jambo ambalo ni sawa na kujitolea ushahidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote una umri wa nusu karne. Mwaka 1975 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, chombo kinachosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya majaji wa uhamiaji, iliamua shauri la Kane, lililomhusu mwanamke kutoka Jamaika aliyekuwa akiendesha nyumba ya kulala wageni huko kwao kwa takriban miezi 11 ya kila mwaka, kisha akaingia Marekani kwa mwezi mmoja hivi. Mwanamke huyo hakuwahi kuvuka mwaka nje. Alihesabu miezi yake kwa uaminifu ambao wahubiri wa miezi sita wangeusifu. Bodi ilimwona kuwa ameutelekeza ukaazi wake, kwa kuwa makazi yake halisi yalikuwa Jamaika na Marekani aliitembelea tu. Mwaka 1988, katika shauri la Huang, Bodi hiyohiyo ilifikia uamuzi wa namna hiyo kuhusu mke aliyekwenda kuishi Japani na mumewe, na wala safari zake za kurudi Marekani hazikumwokoa.

Namba sita yenyewe ina asili yake, na asili hiyo inaonyesha jinsi watu wanavyookota nusu ya sheria wakaiacha nusu nyingine barabarani. Anayeomba uraia hutakiwa, kwa kawaida, kuwa ameishi Marekani mfululizo kwa miaka 5 na kuwapo humo kimwili kwa jumla ya miezi 30, na anayekaa nje zaidi ya miezi sita katika safari moja huchukuliwa kuwa ameukata mfululizo huo mpaka athibitishe vinginevyo. Vilevile, anayekaa nje mfululizo kwa zaidi ya siku 180 huweza kuhojiwa mlangoni kama mtu anayeomba kuingia upya. Hakuna palipoandikwa kwamba aliye chini ya siku hizo amesalimika. Wengine huleta hesabu kutoka Kanada, ambako mkaazi wa kudumu hutakiwa kweli kutimiza siku 730 ndani ya miaka 5, wakaitumia Marekani kama kwamba nchi hizo mbili zina bunge moja.

Watetezi wa uzushi huu wana hoja moja wanayoiona kuwa nzito: kwamba binamu wa fulani alisoma Kampala miaka minne, akaingia na kutoka, na hakuulizwa neno. Kwa mantiki hiyo, aliyevuka barabara mara nane akiwa amefumba macho amethibitisha kwamba magari hayagongi.

Kijana wa namna hiyo anapofika mbele ya ofisa huwa amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe: tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Entebbe, begi dogo la wiki mbili, kitambulisho cha chuo ndani ya pochi, na anwani ya Marekani ambayo ni ya sebule ya shangazi. Akiulizwa anaishi wapi, hujibu kwa haraka kwamba anasoma Uganda, na hapo maelezo ya miezi sita hayana kazi tena. Shahada ya udaktari wa binadamu ya miaka 5 au 6, ikifuatwa na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ni vigumu kuiita ziara fupi, ilhali shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kwa mtu aliyeacha mwenza, pango la nyumba na akaunti ya benki huko Marekani, hutetewa bila kutoka jasho.

Lawama haiwaangukii vijana peke yao. Wapo mawakala wa mijini ambao kwa miaka mingi walitoza fedha kwa kujaza fomu za bahati nasibu ya viza, fomu ambazo kuzijaza kulikuwa bure, na ambao mshindi akishasafiri hawamkumbuki tena. Na zipo familia zinazochangisha nauli kwa harambee ya shangwe, lakini zikaona ni ubahili kumlipa mwanasheria kwa saa moja ya ushauri.

Ushauri huo ungeanza na kibali cha kurejea, hati inayoombwa kwa fomu I-131, ambayo mwombaji lazima aiwasilishe akiwa bado ndani ya Marekani. Kibali hicho hudumu kwa kawaida hadi miaka 2, hakiongezwi muda bali huombwa kipya, na shauri la Huang lilionyesha kwamba nacho peke yake si kinga. Hata hivyo kina uzito kuliko amina. Na anayezuiwa uwanja wa ndege akapewa fomu I-407, ambayo ni tamko la kuachia ukaazi kwa hiari, halazimiki kuitia saini: ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, na mbele ya jaji huyo ni serikali inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ukaazi umetelekezwa.