GONGO LIFIKE GARISSA PIA



Mwezi wa Novemba 2013 timu za Afrika, za wanaume na za wanawake, zilikutana Nairobi katika uwanja wa City Park kugombea Kombe la Mataifa ya Afrika la mpira wa magongo. Afrika Kusini ilichukua vikombe vyote viwili, ikapata na nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 2014 huko Uholanzi. Sisi wenyeji tulipiga makofi, tukarudi nyumbani.

Kutoka Nairobi mpaka Garissa ni kilomita 370 hivi. Basi hutoka asubuhi likafika mchana. Lakini gongo la mpira huo limeshindwa na safari hiyo. Jiulize, ndugu: ni mara ngapi umeliona mkononi mwa kijana wa Garissa, Wajir au Mandera? Na mkononi mwa msichana je?

Wako wasemao kwamba mchezo huu ni wa Wahindi. Tutazame mambo yalivyokuwa. Kenya ilikuwa ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971. Nahodha wetu mashuhuri wa siku zile alikuwa Avtar Singh Sohal, na wenzake wengi walikuwa Wahindi na Wagoa. Sababu yaonekana wazi. Vilabu vyao, kama Sikh Union na Goan Institute, vilikuwa na viwanja, na vijana wao walikuwa na magongo na nafasi ya kucheza baada ya kazi. Mwafrika wakati wa ukoloni hakuwa na hayo. Alipoyapata, alicheza. Mwaka 1988 Kenya ilikwenda Olimpiki ya Seoul, na Waafrika walikuwa wengi katika timu.

Wanawake nao wana somo lao. Mwaka 1980 huko Moscow magongo ya wanawake yalichezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na dhahabu ikaja Afrika, kwa Zimbabwe. Sote twajivunia. Lakini timu ile nzima ilikuwa ya Wazungu, katika nchi iliyopata uhuru mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Kwa hiyo nasema: gongo halina kabila. Humfuata mwenye uwanja.

Sisi wa Kaskazini Mashariki twajua maana ya kuachwa nyuma. Sheria za hali ya hatari zilitukalia mpaka 1991. Kisha ikaja damu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baadaye walimu wengi waliotoka mikoa mingine wakahamishwa. Siwalaumu walimu wale. Roho ni tamu. Lakini tukumbuke ni nani afundishaye watoto mchezo mgeni. Ni mwalimu. Akiondoka yeye, filimbi na mpira huondoka naye.

Mwingine atasema, hatuna maji ya kunywa, nyinyi mwataka kunywesha nyasi bandia? Ni kweli kwamba tangu Montreal mwaka 1976 Olimpiki huchezwa juu ya nyasi hizo, nazo hutaka maji mengi. Hatuombi hizo leo. Kenya ilipokuwa ya nne duniani ilicheza juu ya nyasi za kawaida. Mtoto aweza kuanza juu ya udongo uliosawazishwa, mita 91 kwa 55, bila mawe na bila miiba.

Na wazee wetu wauliza habari za mavazi ya mabinti. Swali hilo ni la haki, tulijibu kwa heshima. Shirika la kandanda la dunia liliruhusu mtandio kichwani tangu 2014. Binti acheze na suruali ndefu na kichwa kimefunikwa, afundishwe na mwalimu wa kike, katika uwanja wenye ua. Tukiwaita wazee wakae nasi kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, wengi wataelewa. Tukiwaficha, watakataa, nao watakuwa na haki.

Haya yanahusu chama kwa sababu mchezaji ni mfanyakazi au mtoto wa mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, zisizopungua. Je, muuguzi akichaguliwa kuchezea mkoa wake, azile siku zake za kupumzika na watoto wake?

Basi nataka chama chetu kidai mambo manne. Kwanza, kila kaunti ya mkoa huu isawazishe kiwanja kimoja. Pili, magongo na mipira ifike shuleni, sehemu sawa kwa wavulana na wasichana. Tatu, mwajiri atoe ruhusa yenye mshahara kwa mchezaji aliyechaguliwa. Nne, mwalimu wa michezo alindwe pale anapofanya kazi.

Mchungaji wa huku hushika fimbo tangu utoto. Kushika gongo hatafundishwa siku nyingi. Kombe la Afrika likirudi Kenya, nataka nimsikie mtangazaji akitaja jina la binti wa Garissa.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Garissa