Mzazi, chanjo ya malaria haikomi dozi ya tatu

Wazazi wengi wakifika kliniki huuliza: chanjo hii inakinga kwa asilimia ngapi? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Uliza pia makadirio hayo yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, na matokeo ya mwisho yakachapishwa mwaka 2015. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria kali ilipungua kwa asilimia 32.2. Watoto wa utafiti ni sehemu ndogo tu ya watoto wote, ndiyo maana watafiti hutoa mipaka: kinga yenyewe yaweza kuwa asilimia 13.7, au ifike 46.9. Hata mpaka wa chini uko juu ya sifuri. Si rahisi kusema hiyo ni bahati tu.

Sasa tazama waliokomea dozi tatu. Kinga dhidi ya malaria kali ilikuwa asilimia 1.1, na mipaka ilitoka 23 chini ya sifuri hadi 20.5 juu yake. Sifuri imo ndani. Utafiti haukuonyesha kwamba dozi tatu pekee zinamkinga mtoto na malaria kali kwa miaka ile yote aliyofuatiliwa.

Lakini tusikosee: sifuri kuwemo si ushahidi kwamba chanjo ni bure. Maana yake ni kwamba hakuna uhakika. Watoto hao hao wa dozi tatu walipungukiwa na malaria ya kawaida kwa asilimia 28.3, mipaka ikiwa 23.3 na 32.9.

Kwa hiyo naona wahudumu wa afya wanakosea wakimtajia mzazi asilimia moja na kumwacha aende. Wamweleze dozi ya nne inabadilisha nini. Hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa ameshakua kidogo, wakati anakimbia uani na safari za kliniki zimesahaulika.

Mzazi, fungua kijitabu cha mtoto leo. Kama dozi ya nne haijaandikwa na umri umefika, mpeleke. Na chandarua kisishushwe.