Mathe Yuko kwa Mashine, na Mimi Nitakimbia

Wasee, leo hatucheki. Leo nina maneno.

Juzi niliweka video ya sekunde arobaini. Mimi, raba zangu na barabara. Chini yake nikaandika: "Mathe yuko kwa mashine, nina masaa manne, wacha nikimbie kidogo." Manze, komenti zikaanza kumiminika! "Huyu hana utu." "Mamake anaumwa, yeye anatafuta wafuasi." Anti mmoja wa kwetu hata hakujisumbua na komenti. Alienda moja kwa moja kwa grupu ya WhatsApp ya familia akaandika: "Wengine wanaomba, wengine wanakimbiakimbia." Watu kumi na mmoja wakamwekea ile mikono ya maombi.

Sijakuja kuomba msamaha. Nimekuja kubishana.

Kwa wageni wa huu ukurasa: figo zote mbili za mamangu zimefeli. Kila Jumanne na Ijumaa anaunganishwa na mashine inayomsafisha damu kwa masaa manne hivi. Ongeza matatu ya kwenda, kupimwa uzito na presha, kungoja mashine iachwe na mgonjwa mwingine, halafu kungoja kizunguzungu kiishe ndiyo tushuke ngazi. Hiyo ni siku nzima imeenda. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa sababu karo yangu na nauli yake ya hospitali zilitoka mfuko mmoja, na mfuko wenyewe ulikuwa na shimo. Nikabaki na simu, video zangu na mathe. Na tangu mwezi wa kwanza nafanya mazoezi ya marathon ya Nairobi, ile ya Oktoba. Kilomita 42 na mita 195. Sio nusu. Yote.

Sasa tuanze.

Mnadhani mgonjwa akishaunganishwa mimi hufanya nini? Nesi hunitoa nje. Si roho mbaya, ni utaratibu: chumba kimejaa vitanda na mirija iliyobeba damu ya watu, msongamano hautakiwi. Kwa hivyo sisi wote wenye wagonjwa tunakaa nje kwa benchi. Mmoja analala mdomo wazi, mwingine anasogeza simu, mwingine anahesabu pesa ambazo hana. Hao hakuna anayewaambia hawana utu. Lakini mimi nikichukua dakika hamsini kati ya hizo 240 nikazunguka mitaa ya karibu, simu mkononi, sauti juu, mahali ambapo nesi akipiga niko mlangoni kwa dakika tano, ghafla nimemtoroka mamangu. Shida si kwamba niko nje. Sote tuko nje. Shida ni kwamba sikukaa nikaonekana nimevunjika.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Huku kwetu anayeuguza lazima aonekane kama naye anaugua. Macho mekundu, nywele hazijasukwa wiki sita, nguo zinamlegea. Hapo ndiyo tunasema, enyewe huyu binti anampenda mamake. Akicheka, ameanza kusahau. Akikimbia, amemkimbia. Upendo tunaupima kwa kilo ambazo mtu amepoteza.

Halafu kuna wale wapole, ambao kwangu ndio wabaya zaidi. "Si ungoje tu mamako apone kwanza? Marathon iko kila mwaka." Skiza. Mashine haiponyi figo. Inafanya kazi ambayo figo zimeshindwa, na kesho kutwa uchafu umeshaanza kujaa tena. Njia ya kutoka kwa mashine ni kupandikizwa figo nyingine, na nyumbani kwetu tumepimwa, hakuna anayelingana naye. Kwa hivyo huu si ugonjwa wa kungoja upite kama mafua. Ukiniambia ningoje yaishe ndiyo nianze kuishi, fikiria vizuri unachoniambia ningoje. Unaniambia ningoje mazishi. Sitangoja mazishi ya mamangu ndiyo nivae raba.

Na kinachoniudhi kabisa ni unafiki. Sisi ni nchi ambayo hukimbilia wagonjwa! Mater Heart Run ilijaza barabara za Nairobi miaka na miaka, watu wakikimbia na kutembea na watoto mabegani, ili watoto wengine wapasuliwe moyo. Mwaka wa 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, alienda mpaka London akamaliza marathon nzima kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero, ya akina mama wanaokufa wakijifungua. Tulimpigia makofi, na alistahili. Kwa hivyo kukimbia kwa ajili ya mgonjwa usiyemjua ni uzalendo, unapewa na tisheti. Kukimbia wakati mgonjwa ni wako, unayemwogesha kwa mikono yako, ni ubinafsi. Nani alitunga hiyo sheria?

Tukiwa hapo, tuongee kuhusu bro wangu. Kila wikendi anaenda kuangalia mechi na maboyz. Masaa mawili ya mechi, masaa mawili ya kubishana kuhusu refa. Hakuna anti amewahi kuandika chochote kwa grupu. "Kijana anapunguza mawazo." Simlaumu, yeye ndiye hulipa kodi ya nyumba, na mawazo anayo kweli. Lakini kwa nini mawazo yake yanapunguzwa na yangu yanahukumiwa? Kwa sababu mimi ni msichana, na msichana nyumba ikiwa na mgonjwa anageuzwa fanicha ya chumba cha mgonjwa. Yupo tu hapo, kama stuli.

Wengine mmesema mazoezi yanamnyima mathe haki yake. Njooni muone ratiba ya kwetu ndiyo muongee. Mgonjwa wa figo hupimiwa maji, kwa sababu mkojo hautoki na maji ya ziada yanaweza kwenda kwa mapafu. Kwa hivyo nikirudi kutoka kilomita 28, kiu imenikaba, maji yangu nayamaliza chini kwa ngazi kabla sijapanda. Siwezi kugugumia chupa mbele ya mtu ambaye siku yake yote ni vikombe vya kuhesabu. Ndizi, chakula cha mkimbiaji yeyote, haziingii kwa nyumba yetu, kwa sababu potasiamu ikimpanda sana moyo unaweza kusimama. Viazi tunaloweka, tunachemsha, maji tunamwaga. Mbio zangu ndefu ni Jumapili asubuhi, wakati bro yuko nyumbani. Ijumaa jioni sikimbii, kwa sababu hiyo jioni presha yake hushuka. Figo za mathe ndizo kocha wangu. Mimi hufuata tu.

Na tunaishi ghorofa ya nne, hakuna lifti. Siku ambazo mashine imemmaliza nguvu, nani humpandisha ngazi mgongoni? Si zile emoji za maombi. Ni haya mapaja mnayoyakasirikia.

Lakini sitaki kushinda kesi kwa hoja hiyo pekee, kwa sababu ina mtego. Ina maana kwamba mwili wangu una haki ya kutunzwa ikiwa tu unambeba mtu mwingine. Hapana. Hata kama tungekuwa na lifti, ningekimbia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Sijaona mahali wameandika "isipokuwa wale wenye mama mgonjwa." Nina miaka ishirini na mbili. Nina mapafu yangu, magoti yangu na hofu zangu za saa tisa usiku. Ile saa moja barabarani ndiyo saa pekee kwa siku ambapo hakuna anayeniuliza dawa iko wapi.

Na nyinyi wa upande wa pili msicheke, nawaona. Nyinyi wa saa kumi na moja alfajiri, saa mkononi, Strava imejaa, "hakuna visingizio." Mwezi wa sita programu yangu ilisema kilomita 32. Usiku huo mathe alishindwa kupumua akiwa amelala, tukamkalisha kitandani mpaka gari likaja, na asubuhi ya zile kilomita 32 ilinikuta kwa korido ya hospitali. Hicho hukiiti kisingizio mbele yangu. Mwili hautofautishi uchovu wa mbio na uchovu wa kukesha. Wote unaingia kwa daftari moja. Ukiforce kilomita juu ya usiku tatu bila usingizi, utaumia tu, na hapo nyumbani tutakuwa na wagonjwa wawili. Kwa hivyo kuna wiki nakimbia mara tano, kuna wiki mara moja. Programu ni karatasi. Inapindika. Ninachokataa ni kuichana.

Mathe mwenyewe mmemuuliza? Anapenda mkimbizane kwa niaba yake, lakini maneno yake hamyataki. Aliniambia hivi, mbele ya bro: "Enda ukimbie. Ukikaa hapo ukinitazama hivyo, unanifanya nijione maiti." Nikirudi huniuliza nimefika wapi, nimeona nini, yule mama wa mahindi bado yuko pale kona? Mtu ambaye dunia yake imebaki kitanda, matatu na mashine anataka mtu wa kumletea habari za barabara.

Kwa hivyo mambo ni haya. Oktoba ikifika na mathe yuko sawa, nitakuwa kwa mstari wa kuanzia. Ikifika na amelazwa, nitakuwa kando ya kitanda chake, na sitahitaji kukumbushwa na mtu yeyote. Huo uamuzi ni wa watu wawili, na grupu ya familia haimo.

Kama kweli roho inawauma kuhusu mgonjwa, kuna kazi. Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi. Anti, anko, na wewe wa komenti usiye na picha. Chagua siku moja tu kwa mwezi. Kuja na nauli yako, beba sweta, kwa hiyo korido kuna baridi, na ukae kwa benchi mpaka nesi akuite. Nitakushukuru, na ninamaanisha.

Kama huwezi, nipishe njia. Niko na kilomita kumi leo.