Kuzima na kuwasha si kutengeneza

Kila anayengoja tangazo anajua uchungu wa redio kunyamaza ghafula. Mara nyingine kompyuta inayorusha matangazo ndiyo imekwama. Tunaizima, tunaiwasha, sauti inarudi, tunashukuru Mungu. Kesho inanyamaza tena. Naona tabia hii inatuumiza.

Programu inayofanya kazi moja kwa moja inahitaji kumbukumbu, kama familia inavyohitaji mabidoni. Ikichukua mabidoni bila kuyarudisha, siku moja bomba lina maji lakini hakuna cha kutekea. Hapo inaanguka. Kuwasha upya kunarudisha mabidoni yote, lakini anayeyaficha bado yumo ndani.

Januari 2004, Spirit, gari la Marekani lililokuwa kwenye sayari ya Mirihi, lilianza kupotea hewani. Kompyuta yake ilijiwasha upya zaidi ya mara 60. Kila ilipowaka ilijaribu kupanga orodha ya mafaili mengi mno, kumbukumbu ikaisha, ikaanguka tena. Mafundi waliiamuru iwake bila kugusa ghala la mafaili, wakatafuta sababu, wakafuta yasiyohitajika. Gari lililokusudiwa kufanya kazi siku 90 liliendelea hadi 2010.

Kama walifaulu kutoka mbali hivyo, sisi tunaokaa kando ya mashine tuna sababu gani?

Najua mtangazaji aliye hewani hana muda, awashe upya. Lakini kwanza aandike saa, na kumbukumbu iliyotumika. Fundi aipange programu iache picha ya kumbukumbu inapoanguka. Chombo kiitwacho GDB huisoma na kuonyesha ilipoangukia. Kingine, Valgrind, hutafuta kumbukumbu iliyochukuliwa bila kurudishwa. Hupunguza mwendo sana, basi kitumike kwenye kompyuta ya pembeni, si ile iliyo hewani. Vyote ni vya bure. Kama programu si yenu, pelekeni picha hiyo kwa walioiandika.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbilia Sake na Gisenyi, kila mmoja akiuliza lava inaelekea wapi. Usiku kama huo, dakika kumi za kimya ni nyingi mno. Sababu itafutwe leo, mchana, kabla hatujaihitaji sauti hiyo kuokoa watoto.